Masika ya Tairi Kubwa

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumekwama mbugani kwa mara ya kwanza msimu huu, na masika yenyewe hata hayajachanganya. Nilikuwa nampeleka Mama hospitali ya Kibiti kusafisha kidonda. Sukari imemla mguu wa kushoto, karibu na vidole, na daktari kasema kila Jumanne lazima akione mwenyewe na kuondoa nyama iliyokufa. Siku nyingine Salama, mke wangu, anamfunga hapahapa nyumbani. Daktari hakutuficha kitu: tukianza kuruka Jumanne, mguu utakatwa.

Kutoka kwetu Ruaruke kwenda Kibiti kuna sehemu mbili za kumtoa mtu jasho. Ya kwanza ni mbuga, udongo mweusi ambao ukilowa haukuachii. Ya pili ni mwinuko wa Mkwajuni, udongo mwekundu, mfupi lakini umesimama. Na mimi ninachoendesha ni kirikuu, kigari cha mizigo chenye injini ambayo wenye pikipiki wanaicheka, na tairi za kuazima kwa toroli. Kiangazi kinabeba magunia ya mpunga bila kulalamika. Leo kimekaa kwa tumbo katikati ya tope, tairi zinazunguka bure. Wanaume wawili waliokuwa wakipita na baiskeli ndio waliotusukuma. Mama muda wote alikaa ndani, mguu kauweka juu ya dashibodi, anasoma uradi. Mimi nilikuwa nasoma mengine, hayaandikiki.

Nimeamua. Nanunua tairi kubwa. Naandika hapa ili nikija kusita nijisome mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimelizunguka gari asubuhi nzima nikipima kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya tairi na fenda. Salama kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Nasibu, fundi tairi, pale Kibiti kando ya lami. Nasibu ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo ni mtani wangu, kwa hiyo kila anachoniambia lazima nikipepete kama mchele kabla sijakila.

Kanionyesha za aina tatu. Kuna za namba kumi na mbili, saizi yangu ileile, ila za meno, za kukwangua tope. Kuna za kumi na tatu. Halafu kuna nne za kumi na nne, zimetoka kwenye pikapu ya watu wenye pesa zao, meno yake unaweza kuingiza kidole kizima. Hizo zinataka ringi nyingine na springi ziongezwe, gari lisimame juu. Nilipoziona moyo ulinienda mbio kama kijana aliyeona mchumba.

Nasibu akasema za kumi na mbili zitanipitisha, taratibu. Za kumi na nne, tumbo la gari halitagusa tope hata mara moja, lakini kwa injini ile hajui. Nikamuuliza hajui nini.

"Sijui, maana yake sijui," akasema. "Tairi kubwa ni mzigo hata kabla hujapakia mzigo. Ukikwama mlimani usinipigie, mimi nitakuwa njiani nakuja kugawana urithi wako."

Nikamjibu kwamba siku akifa tutamzika ndani ya tairi ili tuokoe sanda. Tukacheka, na wateja wake wakacheka. Ndivyo ilivyo kwa mtani, akikupiga unampiga. Nimemwambia anitafutie ringi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijalala vizuri. Salama ndiye aliyeninyima usingizi, na alisema maneno machache tu. Alikuwa anatwanga, mimi naosha gari, akaniambia bila kuniangalia: "Baba Yasmini, si kuna nyumba Kibiti? Mama angekaa huko mpaka masika yaishe."

Anaijua nyumba hiyo, na anajua kwamba hapa kwangu haitajwi.

Ni nyumba ya Bi Mwajabu, mke mwenza wa Mama. Ipo nyuma ya hospitali, mtu anatoka uani kwake anaingia wodini hata maji ya chai hayajachemka. Marehemu baba alimuoa nilipokuwa mvulana wa madrasa, akahamia Kibiti, akatuacha. Alikuwa akija kwetu kama mgeni, na fungu la nyama. Mwaka ule Mama alilima bonde peke yake. Alilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku, mimi na dada zangu tumejikunja miguuni pake. Baba alipougua aliugulia kwa Mwajabu, akafia kwa Mwajabu, na jeneza likatoka kwa Mwajabu. Mimi nilisimama nje. Sijawahi kuvuka kizingiti kile. Huyo mwanamke, kwa adabu, ni mama yangu mdogo, na nikikutana naye sokoni nampa shikamoo huku nikitembea.

Leo nimchukue mama yangu mgonjwa nikamlaze pale, aombe maji ya kunywa kwa mke mwenziwe, na mimi mwanawe wa kiume nina gari? Watu watasema nini? Hapana. Atalala kwake na nitampeleka na kumrudisha, hata kama itabidi nikifunge kirikuu miguu ya tembo.

Jumanne, 15 Aprili

Tumefika, kwa kusukumwa mara mbili. Nimemkalisha Mama kwenye benchi na kukimbilia kwa Nasibu. Ringi bado. Siwezi kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, miguu inaniwasha. Niliporudi Mama hakuwepo, na muuguzi akaniambia dada yake kampeleka msalani. Mama hana dada aliye hai. Nikadhani kamchanganya na mgonjwa mwingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua mchana na usiku. Kuku wanalala jikoni.

Jumanne, 22 Aprili

Tope limepanda hadi kwenye ekseli. Tulikaa mbugani mpaka jua likawa kali, nikakata matawi, nikayatandika, yakazama. Tulifika daktari anavua koti. Alimhudumia Mama, lakini mimi alinitoa nje na kunisema kama mtoto. Kidonda kimechimbika.

Njiani kurudi Mama akasema, "Ningekuwa naamkia Kibiti nisingekuhangaisha hivi, baba."

Nikamwambia asijali, tairi zinakuja.

Baadaye akaomba nipunguze mwendo, mashimo yanamuumiza. Nilikuwa sijui kwamba nakimbiza.

Ijumaa, 25 Aprili

Nasibu kapiga. Ringi zimepatikana. Kaongeza kwamba kama nina akili nichukue za kumi na mbili, na kama sina yeye yupo, duka lake linawategemea watu kama mimi. Nimemwambia akili zote za ukoo alizichukua shangazi, akasahau kumgawia mwanawe.

Jumanne, 29 Aprili

Siku mbili bila mvua, njia imekauka juu, tumepita. Daktari kasema kidonda kimetulia kidogo. Mama katoka na chupa ya uji wa ulezi, bado ya moto. Nilipomuuliza kaupata wapi kasema amepewa. Watu wa Kibiti siku hizi wana huruma.

Jumapili, 4 Mei

Gari liko kwa Nasibu. Springi zimeongezwa. Nimeshinda hapo nikishika funguo, nikiziweka chini, nikizishika tena, mpaka Nasibu kanituma nikamnunulie maji ili nimwondokee.

Jumatatu, 5 Mei

Tairi zinagusa fenda kila usukani ukikatwa. Lazima fenda zikatwe na zikunjwe. Nasibu anasema kesho jioni.

Jumanne, 6 Mei

Gari halijawa tayari. Mama hakwenda.

Nilitafuta bodaboda. Wa kwanza alikataa mbuga, wa pili alikuja akauona mguu akasema hawezi kubeba mtu namna hiyo kwenye tope. Nikamwambia Mama kwamba Jumanne moja haiui, na kuanzia wiki ijayo hatutakwama tena mpaka dunia iishe. Salama kamfunga kidonda vizuri sana. Alipomaliza alikaa na ndoo ya maji machafu mapajani muda mrefu, halafu akaenda kumwaga.

Alhamisi, 8 Mei

Limekuja nyumbani. Nakiri nililiendesha polepole katikati ya Ruaruke ili watu walione. Limesimama juu, mbuzi anapita chini ya bodi kwa kuinama kidogo tu. Mwantumu muuza maandazi kauliza kama kigari kimebalehe. Mbugani nilipita kama hakuna mbuga. Nilirudi nikapita tena, kwa raha yangu. Mkwajuni kilikohoa kidogo kwenye gia ya kwanza, nikaongeza mafuta, kikapanda. Kulikuwa kukavu na gari lilikuwa tupu.

Mama kaja kuliangalia, kajishikilia kwenye nguzo ya baraza. Akauliza yeye atapandaje. Nikamwambia nitambeba.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu juzi haijanyanyua mguu. Mama ana homa. Kidonda kinanuka, na Salama kafungua madirisha yote bila kusema kwa nini. Kesho alfajiri.

Jumatano, 14 Mei

Niko kwenye baraza ya hospitali. Jana sikuweza kuandika. Nitaandika sasa yote, kwa sababu nikikaa hivihivi nitaanza kuzunguka jengo, na mlinzi ameshanikataza.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama alikuwa na moto mwilini, kajifunika khanga mbili, meno yanagongana. Mbuga tukaivuka. Maji yalikuwa yamefunika njia yote na kirikuu kikapita juu yake kwa heshima, nami nikamgeukia Mama ili anisifu. Alikuwa kafumba macho.

Tukafika Mkwajuni. Udongo ulikuwa unateremka na maji. Nikaweka gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta, tukapanda kama theluthi ya njia, na injini ikaanza kuzama sauti. Haikuwa utelezi. Tairi zilikuwa zimeshika vizuri, meno yote yamezama, zimeganda pale. Ila injini haikuwa na nguvu ya kuzizungusha. Ikazima. Nikawasha. Nikiachia klachi inazima. Nikaanza kuishikilia klachi katikati, mafuta mpaka chini, kigari kinatetemeka na kusogea kwa kiganja kimoja kimoja, mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani na Mama akakohoa. Halafu injini ikawa inalia peke yake, gari halina habari. Klachi imekwisha. Nikaweka breki, nikashuka, nikaweka mawe nyuma ya zile tairi zangu nzuri.

Sijawahi kuogopa vile. Hapakuwa na mtu, mvua inapiga, na mama yangu yumo ndani ya gari lililokufa kwa sababu yangu. Nilifungua mlango nikamwambia nakimbilia Kibiti kutafuta msaada. Akaniambia nisimwache.

Basi nikampakata mgongoni, nikamfunga kwa khanga moja kama anavyobebwa mtoto, tukaanza kupanda. Ni mwepesi. Hilo nalo liliniuma, sikujua amekuwa mwepesi hivyo. Nilikuwa nateleza, napiga goti, nanyanyuka. Joto lake lilipita shati langu. Karibu na nusu ya mwinuko akasema sikioni kwangu:

"Mpigie Mwajabu."

Nikasema hatumhitaji, tutafika.

"Mshamu, baba, mpigie. Simu yangu iko kifuani. Namba yake ndiyo ya kwanza."

Nikasimama. Nikamuuliza namba ya Mwajabu inatafuta nini kwenye simu yake. Akanijibu kwa kukatakata, homa ikimshika na kumwachia. Kwamba kila Jumanne, nikishamweka benchi na kuondoka, Mwajabu anakuja kukaa naye. Anamshika mkono daktari anapokata nyama. Uji ni wake. Mwajabu amemwomba tangu masika yaanze akakae kwake, na yeye alitaka, akanitupia neno mara moja na mbili, akaniona nazungumza tairi.

Nilimwambia, na sauti haikuwa nzuri, kwamba huyo ndiye aliyemchukulia mume.

"Aliyeniacha ni baba yako, na amekufa, nimemsamehe," Mama akasema. "Mwajabu tulikwisha kuzungumza siku nyingi, tangu tulipotoka eda. Hasira iliyobaki ni yako wewe. Usinibebeshe."

Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba. Nililia pale mlimani, mvua ikanisitiri.

Nikapiga simu. Sikuwa na hata salamu mdomoni, nikasema tu, Mama Mdogo, tuko Mkwajuni, Mama ana hali mbaya. Akasema nakuja. Hakuuliza swali lolote. Tulipofika juu tulisubiri chini ya mti, nimemkumbatia Mama asilowe zaidi, na baada ya muda bajaji ikaja inayumba, mwanamke mtu mzima kashuka kabla haijasimama, viatu mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa kabeba blanketi. Alimfunika Mama, akamwambia, "Mke mwenzangu, umechelewa, uji umepoa," na Mama akatabasamu. Kisha akanitazama mimi. Nilisubiri anitukane. Akaniambia nishike miguu, yeye atashika mabega.

Daktari alimwingiza chumba cha upasuaji jana mchana.

Ijumaa, 16 Mei

Vidole viwili vimekatwa. Unyayo bado upo. Daktari kasema hawezi kuahidi, usaha ulikuwa umeanza kupanda. Akauliza Jumanne ya tarehe sita tulikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nafunga tairi. Akaandika kitu, akaondoka.

Jumapili, 18 Mei

Nasibu na wenzake wamelivuta gari mpaka Kibiti. Nilijiandaa kwa utani wake njia nzima. Hakutania. Akasema, "Siku ile nilikuwa nakwambia kweli, Mshamu. Ningekwambia vipi zaidi?" Nikamwambia hakuna namna, angeniambia kwa msahafu mkononi bado ningecheka. Tukakaa juu ya tairi kuukuu, watani wawili bila utani. Ni mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Jumanne, 20 Mei

Mama kahamishiwa kwa Mama Mdogo. Mimi nimefika mpaka uani.

Alhamisi, 22 Mei

Klachi mpya. Tairi za namba kumi na mbili, za meno. Springi zimerudi zilivyokuwa. Kigari kimerudi chini kama kawaida yake na fenda zilizokatwa, kama mtu aliyenyoa ndevu upande mmoja. Mbuga tumeipita kwa kusukumwa kidogo, Mkwajuni kimepanda chenyewe polepole, nimepakia magunia ya mkaa ya watu. Nikasimama juu nikazima injini. Sikuwa na haraka ya kwenda popote, na hali hiyo siijui.

Jumanne, 27 Mei

Nimekaa benchi leo, kati ya Mama na Mama Mdogo, mpaka zamu ikafika. Ni kazi ngumu kuliko kusukuma gari. Daktari alipoanza, Mama alitoa mkono wa kulia akampa Mama Mdogo, na wa kushoto akanipa mimi. Sikujua kwamba ana nguvu vile. Sikujua kwamba inauma vile.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekatika. Mpunga bondeni umeanza kuinama.

Jumanne, 3 Juni

Daktari kasema mguu umeshika njia ya kupona. Unyayo unabaki. Alisema mara moja tu na mimi nikamwomba arudie.

Jumatatu, 9 Juni

Idi ilikuwa juzi. Leo nimekwenda kumchukua Mama, maana anataka kuuona mpunga wake, na hakuna wa kumzuia. Nilivua viatu mlangoni kwa Mama Mdogo nikaingia. Ukutani kuna picha ya baba, kavaa kofia ya kiua, kijana kuliko mimi. Nilikula ubwabwa wa nyama ya Idi iliyobaki, na shikamoo nikaitoa vizuri, nimesimama, kama inavyotolewa kwa mama. Marahaba, akasema, kula.

Mama alitembea mwenyewe mpaka garini, na fimbo, upande mmoja. Mama Mdogo alikuwa nyuma yake kabeba furushi. Nikadhani ni la Mama. Kumbe lake. Akasema anakwenda kusaidia kuvuna, dungu la mke mwenzake analijua kwa kusimuliwa tu, mwaka huu atalala humo.

Kirikuu ndani kina viti viwili, cha dereva na kingine kimoja. Nikawaeleza hivyo, nikasema nitatandika godoro nyuma, mmoja wao akae pale, au nirudi tena mara ya pili. Wakatazamana. Mama akasogea kwenye ukingo wa kiti, akajibana mlangoni, na Mama Mdogo akapanda akajipachika kwenye nusu iliyobaki.

"Endesha, baba," Mama Mdogo akasema. "Sisi kugawana tumezoea."

Mama alicheka mpaka akaushika mguu. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa na mkono kwenye gia, injini inanguruma, nikamwambia Mama Mdogo pale pale, mbele ya Mama, kwamba naomba radhi, kwa miaka yote. Ilitoka vibaya na kwa sauti ya chini.

Akasema amesikia, na kwamba niangalie mbele, kuna mbuzi barabarani.